Shikamoo Katikati ya Uwanja

Nilitundika filimbi mwezi uliopita, na tangu hapo simu yangu haijapumzika. Ninyi mnaoanza kazi ya uamuzi wa mpira wa Kimarekani, baadhi yenu niliwafundisha mwenyewe kule Louisville na wengine hata sura zenu sizijui, mnaniuliza swali lile lile kwa maneno tofauti: kwotabeki akishateleza chini halafu akapigwa, utajuaje kama ni kosa? Nimechoka kujibu kwa vidole viwili kwenye simu. Nitajibu hapa mara moja, na mtanivumilia nikianzia mbali.

Mimi ni mtoto wa Tabora, na kabla ya kuwa chochote kingine nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Asubuhi nilifundisha hesabu, jioni nilichezesha netiboli. Kazi ya mwamuzi wa netiboli ni miguu. Mchezaji akidaka mpira hewani, unatazama mguu uliotangulia kutua. Akiuinua kisha akaurudisha chini mpira ukiwa bado mkononi, unapuliza. Kwa miaka tisa macho yangu yalikaa chini. Mume wangu alikuwa akinitania kwamba nawatambua majirani kwa viatu, na hakuwa anasema uongo.

Mume wangu huyo ndiye aliyepata nafasi ya kusomea udaktari wa udongo Columbus, Ohio, kule Marekani, nami nikafuatana naye. Tulipanga ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao karibu na chuo kikuu, nyumba iliyolalamika kila ulipokanyaga. Jumamosi ya kwanza ya vuli niliamka nikakuta mtaa mzima umevaa rangi moja, watu wanachoma nyama asubuhi, magari hayapiti. Nikajua ni harusi ya mtoto wa mkubwa fulani. Kumbe ni mpira huu wa helmeti. Jirani mmoja akatupa tiketi mbili, tukaenda. Mume wangu alitazama mchezo akatoka hajui nani kashinda. Mimi nilimtazama mtu mmoja tu, mwamuzi aliyevaa kofia nyeupe, aliyekuwa mtulivu huku wenzake wote wakigongana kama mbuzi dume. Nikasema moyoni, ile kazi naiweza.

Baada ya miaka miwili tulihamia Reynoldsburg, nami nikaajiriwa kwenye duka la miwani. Kazi hiyo ya mchana sikuiacha mpaka tulipoondoka Ohio. Mashabiki wakinizomea "kanunue miwani!" nilicheka peke yangu, maana nilikuwa nauza, na wengine wao niliwapima mimi. Ubaoni pale dukani ndipo nilipoona karatasi: wanatafutwa waamuzi wapya, mafunzo maktaba ya shule, Jumanne jioni. Nilikwenda na daftari. Nilikuta wanaume ishirini na tatu na kiti kimoja kitupu, na hakuna aliyedhani kile kiti ni changu.

Mwalimu wetu aliitwa Walt, mzee aliyestaafu posta, mrefu, mkavu, asiyejua kusifu. Siku yangu ya kwanza uwanjani alinipa mechi ya watoto. Sasa mwamuzi wa netiboli hukimbia nje ya mstari, haingii uwanjani. Kila wachezaji walipokuja upande wangu nilitoka nje kwa adabu nikawapisha. Dakika ya kumi Walt akanifuata.

"Rehema, unakwenda wapi?"

"Nawapisha."

"Hawa si wageni wako," akasema. "Ingia ndani ukae nao."

Niliingia, na sikutoka kwa miaka ishirini na sita.

Vifaa vyetu ni vichache, na vijana siku hizi mnavinunua vimeshonwa tayari. Mimi vyangu nilishona. Kitambaa cha njano cha kutupa mtu akifanya kosa, chenye kokoto kidogo ndani ili kiruke. Raba ya kuvaa vidoleni, unaihamisha kidole hadi kidole kuhesabu majaribio manne ya timu yenye mpira, maana kichwa husahau ila kidole hakisahau. Na kifuko cha kudondosha pale mpira ulipomponyoka mtu. Wenzangu walikiita kifuko cha maharage, nami kwa utiifu nikakijaza kunde za kweli. Mvua ikanyesha wiki tatu mfululizo. Siku moja nakidondosha uwanjani, naona kijani kinachungulia kwenye mshono. Kunde zimeota. Walt alikichukua kile kifuko akakiweka mbele ya usukani wa gari lake, akamwagilia mpaka jani la tatu, na kila mwamuzi mpya alionyeshwa.

Lakini alichonipa Walt hasa ni Jumapili mchana. Alikuwa na televisheni kubwa na mikanda ya mechi, naye alizima sauti kabla ya kuanza. Hapo ndipo nilipofundishwa habari ya kuteleza. Nawakumbusha kwa wale wageni kabisa: kwotabeki ndiye mrusha pasi, timu nzima inamtegemea, na akikimbia na mpira anaruhusiwa kusalimu amri. Anateleza chini, miguu mbele. Akishaanza kuteleza mchezo umekwisha hapo alipo, na mtu mwingine asimguse. Sheria nzuri. Imeokoa shingo nyingi. Shida ni kwamba mlinzi anayemfukuza naye ana mwili, una uzito, uko mwendoni, hauna breki ya mkono. Na wapo makwotabeki wanaochelewa kuteleza makusudi, wanaiba hatua moja zaidi, halafu wanaketi mbele ya mtu aliyekwisha kuinama. Kila msimu televisheni inapata pigo moja la namna hiyo, na nchi nzima inagombana wiki nzima.

Walt alisimamisha picha, akauliza swali moja tu, mkanda baada ya mkanda: "Huyu anayekuja, angeweza kufanya nini kingine?"

Hakuuliza aliyelala ameumia vipi, wala watu wamepiga kelele kiasi gani. Kelele aliziita shahidi wa uongo. "Kishindo cha helmeti hakikwambii kimetoka wapi," alisema. "Tazama miguu, wewe una macho ya miguu. Anayetaka kuumiza anaongeza hatua. Anayetaka kusimama anachimba ardhi."

Hilo ndilo jibu la swali lenu, na ningeweza kukomea hapa. Naendelea kwa sababu nililijua jibu hilo miaka ishirini na sita, na bado nilikosea mara mbili, kila mara upande wake.

Mara ya kwanza ni Louisville. Mume wangu alipata kazi huko, tukapanga Highview, karibu na maduka yaliyopangwa mstari mmoja ambako unapata unga, kinyozi na bima ya gari bila kuhamisha gari. Huko nikavaa kofia nyeupe, juu ya mtandio wangu mweusi, nikawa mwamuzi mkuu. Ijumaa moja ya mvua kijana wa sekondari aliteleza mapema kabisa, vizuri, kama kitabu kinavyosema. Mlinzi akamwangukia begani. Mimi nilikuwa nimetazama miguu ya aliyeteleza, nikasema matope yamemponza mlinzi, kitambaa kikabaki kiunoni. Yule kijana alivunjika mfupa wa bega. Mkanda ulionyesha mlinzi alikuwa na hatua mbili nzima za kujizuia, na zote mbili aliziongeza. Baba yake aliniandikia barua fupi isiyo na tusi, akiuliza nilikuwa natazama wapi. Ile barua iliniuma kuliko matusi yote ya majukwaani. Nikaapa kwamba kuanzia siku hiyo, nikiwa na shaka, kitambaa kinaruka.

Kiapo kile kilinisaidia miaka mingi. Nikachezesha, nikafundisha, wengi wenu mlipita mikononi mwangu Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi mmoja huko Louisville, mkiulizana kwa Kiswahili cha Bukavu, cha Uvira na cha Kigoma kwa nini mpira huu una umbo la yai na wachezaji wana mwendo wa malori. Nilikuwa naijua kazi yangu. Sisemi hivi kwa majivuno; fundi anayejidai hajui ufundi wake ni mwongo tu wa namna nyingine.

Kisha binti yetu akazaa Buffalo, tukahamia huko kulea mjukuu na kusukuma theluji kwa koleo. Nikaingia ligi ya vyuo vidogo, isiyo na kamera za kurudia picha. Unachotoa uwanjani ndicho hicho. Msimu huu uliopita niliwaambia mapema kwamba ni wa mwisho, nao wakanipangia fainali ya ligi iwe mechi yangu ya kuagia. Zilikuwa zimebaki Jumamosi tatu.

Jumamosi ya kwanza kati ya hizo, tulisimama katikati ya uwanja kurusha sarafu. Manahodha wa wageni wawili, wa nyumbani mmoja: mlinzi wa kati, kijana mpana wa mabega, jina la Kifaransa mgongoni. Espoir. Akasoma jina langu kifuani, akautazama mtandio, akavua helmeti, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, mama."

Sijasalimiwa hivyo uwanjani maisha yangu yote. Baadaye nilijua kwamba alizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, na walimu wa huko walimtia shikamoo kinywani kabla hajajua kusoma. Neno la kujibu lilikuwa ulimini. Lakini manahodha wa wageni walikuwa wananitazama, na kocha wao amesimama hatua nne, nami nikafikiri: nikimwitikia hapa, kila uamuzi nitakaoutoa leo kwa faida yake utaitwa wa undugu. Nikarusha sarafu. Sikumjibu.

Mlio Waswahili hamhitaji kuelezwa nilifanya nini. Mtoto kamwamkia mtu mzima, mtu mzima kanyamaza. Hata mtoto wa mtu mwenye ugomvi na baba yako akikuamkia unamwitikia kwanza, ndipo ugomvi uendelee. Mimi nilikuwa na sarafu mkononi na woga kifuani.

Na woga haukunifaa kitu, kwa sababu kocha alisikia. "Mnafahamiana?" akaniuliza. Nikamwambia sijawahi kumwona. Hakuniamini. Kila nilipopita upande wake alinirushia: muulize mpwa wako, mpwa wako kavuka mstari, mpwa wako, mpwa wako. Nilijifanya sisikii. Kumbe nilikuwa nasikia kila neno.

Kipindi cha nne, wageni wanahitaji yadi mbili ili waendelee kuwa na mpira. Kwotabeki wao anakosa wa kumrushia, anatoka mbio upande wangu. Espoir anatokea mbele yake. Theluji ya asubuhi imegandisha nyasi. Kwotabeki anaendelea, anaendelea, halafu anateleza. Kishindo kikubwa cha helmeti, kocha anapiga ukelele wa "kichwa!", na kitambaa changu kikawa hewani kabla sijaamua chochote.

Denise, mwamuzi wa mstari, muuguzi kwa kazi yake ya mchana na mwenzangu wa miaka sita, alikuja mbio.

"Rehema, mimi nilimwona akifunga breki."

"Kampiga kichwani."

"Ulikiona kichwa, au ulikisikia?"

"Nilikiona," nikasema.

Nikatangaza: pigo la kichwani kwa aliyesalimu amri, mchezaji anatolewa. Katika ligi yetu anayetolewa kwa kosa hilo anakosa mechi inayofuata yote, na jezi haruhusiwi kuvaa. Kwotabeki aliinuka, akapimwa, akarudi kucheza. Jukwaa la nyumbani likaanza: kanunue miwani! Kwa mara ya kwanza halikunichekesha. Espoir hakugombana. Alipita karibu yangu na helmeti mkononi, akanitazama kama mtu anayengoja kitu, nami nikainama kuandika namba yake kwenye kadi.

Jumapili asubuhi ligi ilinitumia mkanda, kama kawaida. Ripoti ya mwamuzi mkuu inatakiwa Jumatatu saa sita mchana. Nilitengeneza chai, nikakaa mezani jikoni, na mkono wenyewe ukazima sauti, mazoea ya Walt, Mungu amrehemu. Niliangalia mara moja. Ikatosha, ila niliangalia mara sita kwa ukaidi.

Miguu ya Espoir ilikuwa inachimba ardhi. Visigino vyote viwili, nyasi zinaruka mbele ya viatu vyake, mwili umerudi nyuma, bega limegeuka pembeni. Kwotabeki alikuwa amechelewa hatua nzima kuteleza. Waligusana bega kwa bega. Kile kishindo kilikuwa cha helmeti ya kwotabeki kugonga ardhi iliyoganda. Angeweza kufanya nini kingine? Hakuna. Alikuwa amekwisha kukifanya.

Mimi, mwenye macho ya miguu, sikutazama miguu ya mtu yeyote. Nilichezesha kwa masikio. Niliapa kitambaa kitaruka nikiwa na shaka, lakini sikuwa na shaka hata kidogo. Nilikuwa na hofu ya kuitwa shangazi. Nilimtoa mtoto wa watu ili kocha mmoja aone kwamba simpendelei. Niliona aibu, na ninaiandika hapa ili nanyi muione.

Sheria ya ligi iko wazi. Adhabu inafutwa kama mwamuzi aliyeitoa atakiri kwa maandishi kwamba alikosea. Na mwamuzi anayekiri hilo anapumzishwa mechi zote zilizobaki za msimu. Fainali ilikuwa ndani ya hizo. Mjukuu wangu alikuwa ameshanunuliwa kofia nyeupe ya saizi yake. Nikafunga kompyuta nikasema nitaandika kesho, baada ya kulitafakari. Mnaijua tafakari ya namna hiyo. Inatafuta njia ya uani.

Saa tisa alasiri kengele ikalia. Mlangoni mwanamke wa makamo amevaa kitenge cha kanisani chini ya koti zito, amebeba sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Nyuma yake Espoir, macho chini. Mwenye duka la vyakula vya nyumbani ndiye aliyewaelekeza. Waswahili wa Buffalo ni wachache, na wote tunanunua unga mahali pamoja. Espoir alisema "hai," kwa Kiingereza, basi. Nikawakaribisha.

"Mama, siye hatukuya na makelele," mwanamke akaanza, kabla hata hajavua koti. "Mi niko mama yake na Espoir. Tulikuya kuomba pardon."

"Msamaha wa nini, mama?"

"Bon. Huyu mtoto aliniambia kila kitu. Alisema: 'Mama, nilimupa ule mama shikamoo mbele ya mchezo, hakuniitikia.' Donc njo nilijua, alikuwa ashakukosea hata mbele banaanza kucheza. Mutu mukubwa hawezi kunyamazia shikamoo ya bure. Alikufanyia nini? Alikutukana?"

Yeye akaweka sufuria mezani, juu ya ripoti yangu tupu.

"Nilikuletea sombe," akasema, ndicho kisamvu cha kwetu. "Hatuendake kuomba pardon na mikono mitupu."

Mwamuzi hapokei kitu kutoka kwa mchezaji wala jamaa yake mpaka ripoti iingie. Nikamweleza kwa upole kwamba siwezi kuila. Uso wake ukabadilika.

"Ni mbaya sana, kile alifanya? Hata chakula yangu hautaki?"

Espoir alimwambia mama yake kwa Kiingereza kwamba waondoke, kwamba haina maana. Mama akamnyamazisha kwa mkono, akanigeukia mimi akanieleza. Alikuwa anatunza wazee kwenye nyumba ya malezi, kila Jumamosi, na miaka minne mwanawe alicheza bila yeye kuona hata mechi moja. Jumamosi inayofuata ilikuwa mechi yake ya mwisho. Siku hiyo wanaomaliza chuo huvaa jezi, na kila mmoja hutembea na mzazi wake mpaka katikati ya uwanja, jina linasomwa. Alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake, Jumamosi mbili zake kwa moja hiyo.

"Sikuombe umurudishe," akasema. "Kama alikosa, alikosa. Minataka tu umusamehe, nisiende kutembea pale pembeni ya mtoto mwenye mutu mukubwa alinyamazia."

Basi. Njia ya uani ikafungwa.

"Mama Espoir," nikasema, "mwanao hakunikosea kitu. Shikamoo yake niliinyamazia kwa sababu niliogopa watu. Na jana hakumpiga yule kijana vibaya. Alijizuia kama ninavyowafundisha wengine wajizuie. Nimekosea mimi."

Alishtuka, akatazama kijana wake, akashusha sauti. "Usiseme vile mbele ya mtoto, mama."

"Mbele yake ndipo nilipomkosea."

Nikainua sufuria yake, nikatoa ripoti chini, nikafungua kompyuta. Nilimwonyesha Espoir mkanda, bila sauti, nikaweka kidole kwenye visigino vyake. "Nilisema," akajibu, safari hii kwa Kiswahili. "Niliwaambia wote nilikuwa nasimama."

Niliandika wakiwa wamekaa. Sentensi nne: kwamba mlinzi alijizuia, kwamba kwotabeki alichelewa kuteleza, kwamba mguso ulikuwa wa bega, kwamba nilitoa uamuzi kwa kitu nilichokisikia wala si nilichokiona. Denise aliniuliza swali sahihi nami nikamjibu uongo. Nikaongeza na hiyo, zikawa tano. Nikabonyeza. Halafu nikasimama nikawasha jiko.

"Sasa lete hiyo sombe ipate moto," nikamwambia. "Refa asiye na mechi halazimiki kukataa chakula."

Mama Espoir alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Mume wangu akashuka ghorofani kwa harufu, akasalimia wageni, akala kuliko sote, na hakuuliza chochote mpaka walipoondoka.

Jumatatu jioni ligi ilijibu kwa mistari miwili. Mchezaji amefutiwa adhabu. Mwamuzi amepumzishwa. Hivyo mechi yangu ya mwisho ikawa ile niliyoikosea, na kama mnadhani inaniuma, ndiyo, kidogo, hasa nikiiona ile kofia ndogo nyeupe. Lakini nimemaliza kazi nikiwa nayajua makosa yangu yote kwa majina, na si waamuzi wengi wanaoweza kusema hivyo bila kupepesa macho.

Jumamosi nilikwenda uwanjani kama mtu yeyote, nikalipa kiingilio, nikakaa jukwaani. Niliona mama amevaa kitenge kipya juu ya koti zito, ameshikwa mkono na kijana mwenye jezi, wakitembea kwenye theluji nyembamba, mama akipunga mkono kama amekuja kufungua barabara. Kisha akapanda akaja kukaa nami, akaniuliza maswali mechi nzima. Kipindi cha tatu kwotabeki wa wageni alikimbia, akateleza. Espoir alichimba visigino, akayumba, akamruka juu bila kumgusa. Kitambaa hakikurushwa.

"Pale alifanya mubaya?" mama akaniuliza, amenishika mkono.

"Hapana, mama. Angalia miguu yake."

Mchezo ulipokwisha tulishuka mpaka kwenye uzio. Waamuzi walikuwa wanapita kwenda kubadilisha nguo, Denise akiwa katikati yao na kofia yangu nyeupe kichwani. Espoir akaja na helmeti kwapani, jasho linatoa moshi kwa baridi. Alimkumbatia mama yake, halafu akanigeukia. Akasita kidogo. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Makocha wote wawili walikuwa karibu, waamuzi karibu, watu wamejaa. Nikaitoa kwa sauti ya mwalimu wa Tabora anayeita darasa lililo nje.

"Marahaba, mwanangu! Na ile ya Jumamosi iliyopita nayo, marahaba."